Bei ya Profesa Tabora

Mfanyabiashara wa Tabora anajua bei ya asali na tumbaku. Je, bei ya profesa anaijua?

Swali si la mzaha. Mji ulipata Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo mwaka 2010. Siku chuo chochote hapa kitakapotaka kufungua shahada ya uhandisi wa kompyuta, bidhaa adimu haitakuwa kompyuta bali msomi mkongwe wa kuiongoza. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) haipitishi shahada isiyo na walimu wenye sifa.

Hesabu hii Wanyamwezi waliijua. Karne ya 19 msafara wa kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ulitangulizwa na kirangozi, na ujira ulipatanwa kabla mzigo haujabebwa.

Arusha nako, Taasisi ya Nelson Mandela ilianza chini ya Profesa Burton Mwamila, mhandisi mkongwe kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Bei ya mtu kama huyo si mshahara tu. Ni nyumba, maabara na fedha za utafiti. Lakini kompyuta huchakaa, yeye huvuta walimu, wanafunzi na wapangaji. Mwenye kiwanja asiulize jengo litakwisha lini. Aulize: kirangozi amepatikana?