Barafu ya Taita Chimborazo

Kwa zaidi ya nusu karne, Baltazar Ushca aliwaswaga punda wake kupanda mlima nchini Ekuado, hadi karibu mita 5,000 kutoka usawa wa bahari. Huko alichimba barafu kwa shoka na sururu, akaikata mapande mapande na kuyafunika kwa majani marefu ya mlimani yasiyeyuke njiani. Kamba za kufungia alizisokota kwa majani hayo hayo. Barafu iliuzwa sokoni Riobamba kwa wakamua juisi, na wateja walishikilia kwamba ya friji haina ladha ile.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na watu wengi. Viwanda vya barafu vikawaondoa mmoja baada ya mwingine, akabaki Ushca. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 80.

Mlima alioupanda ni Chimborazo, wenye mita 6,263, ndio ulioupa jina mkoa wa Chimborazo. Kwa kuwa dunia imetuna kwenye ikweta, kilele chake ndicho kilicho mbali zaidi na kitovu cha dunia, kikiuzidi Everest kwa kilomita mbili hivi. Kwa kipimo hicho hicho hata Kilimanjaro yetu inaupita Everest. Mtafiti Mjerumani Alexander von Humboldt alijaribu kupanda Chimborazo mwaka 1802 akashindwa. Mwingereza Edward Whymper alifika kileleni mwaka 1880. Wenyeji huuita mlima huo Taita Chimborazo, yaani Baba Chimborazo. Mganda anayemwita babake “taata” atashtuka kusikia neno hilo ng'ambo ya bahari, ingawa lugha hizi hazina undugu.

Riobamba, makao makuu ya mkoa, iko kwenye mwinuko wa mita 2,750 hivi. Hapo si mahali pake pa asili: tetemeko la Februari 4, 1797 liliuangamiza mji wa kwanza, na walionusurika wakahamia uwanda wa Tapi.

Vijijini wanaishi Wapuruhá, wanaosema Kikichwa na kuvaa poncho nzito za sufu. Historia yao ni ya ardhi iliyoporwa. Wahispania walizigawana nyanda za chini, na Wapuruhá wakawa vibarua kwenye mashamba ambayo babu zao walilima kama mali yao. Desemba 1871, wakiwa wamechoshwa na kodi na kazi za kulazimishwa, walimtawaza Fernando Daquilema kuwa mfalme wao huko Cacha. Uasi ulizimwa upesi, naye akapigwa risasi Aprili 1872. Bunge la Ekuado lilimtangaza shujaa wa taifa mwaka 2010.

Kati ya kuuawa kwa Daquilema na kutangazwa kwake kuwa shujaa alikuwepo Leonidas Proaño, askofu wa Riobamba kuanzia 1954 hadi 1985. Aliwagawia wakulima ardhi ya jimbo lake, na mwaka 1962 akaanzisha shule za redioni zilizowafundisha kusoma. Matajiri walimchukia. Agosti 1976 serikali ya kijeshi ilimkamata pamoja na maaskofu wenzake waliokuwa mkutanoni.

Sasa Wapuruhá wanalima mashamba yao wenyewe: viazi, shayiri, kinwa. Lakini barafu iliyomlisha Ushca inazidi kurudi nyuma kuelekea kileleni, na mifereji ya vijiji vingi vilivyo chini yake inategemea maji ya mlima huo.