Vipuri vya Kamera za Filamu

Bila shaka wasomaji wengi wa gazeti letu, hasa ninyi mliokwisha kutoka shuleni zamani, mnazo kamera za filamu zilizolala makabatini. Mwenye nayo akiipeleka dukani huambiwa kwamba spea hazipatikani tena, kwa kuwa viwanda vimefungwa au vimegeukia kazi nyingine. Hayo ni kweli kwa sehemu tu. Ziko sehemu ambazo mtu aweza kuzitengeneza mwenyewe, na ziko ambazo hazina budi kutoka katika kamera nyingine.

Tutazame kwanza kamera za kukunja. Kati ya lenzi na filamu mna mfuko wa ngozi au kitambaa uliokunjwakunjwa kama mvukuto. Pembe zake hutoboka, na nuru ikipenya hapo picha huharibika. Ingia chumba cha giza, tia tochi ndogo ndani, nawe utayaona matundu yaking'aa kama nyota. Tundu moja moja huzibwa kwa rangi nyeusi ya kitambaa. Yakiwa mengi, heri kutengeneza mvukuto mpya: kitambaa chembamba cheusi nje, kingine kisichopenya nuru ndani, na katikati vipande vya karatasi ngumu vilivyogundishwa, vyenye nafasi baina yake ili mikunjo ipite hapo. Jihadhari na unene. Kitambaa kizito huifanya kamera isifunge, na kazi ya siku nzima ikawa bure. Katika kuchagua kitambaa, fundi cherehani atakufaa kuliko mpiga picha.

Kamera nyingi za Kodak za namna hiyo hutumia filamu ya 620, iliyoachwa kutengenezwa mwaka 1995, na watu wengi wakazitupa. Kumbe filamu yenyewe ni sawa na ile ya 120, iliyoanza mwaka 1901 na ingali ikiuzwa. Tofauti ni rili tu, maana rili ya 620 ni nyembamba. Basi uwe na rili mbili za zamani. Gizani, hamisha filamu kutoka rili yake mpaka ya kwanza, kisha kutoka hiyo mpaka ya pili, ili mwanzo wake urudi juu. Ukiipeleka kusafishwa, mwambie fundi akurudishie rili yako, wengi huitupa.

Kile kilango kinachofunguka na kufungwa unapobonyeza ni jambo jingine. Ndani yake mna springi na magurudumu madogo yenye meno, wala simshauri mwanafunzi ajaribu kuyatengeneza. Lakini kilango kilichokwama mara nyingi si kibovu. Mafuta ya zamani yameganda tu. Fundi saa akikisafisha vizuri huenda kikaamka. Kama kimevunjika kweli, tafuta kamera iliyokufa, na si lazima iwe ya jina lile lile. Vilango vya Compur, vilivyoanza kutengenezwa mwaka 1912 na kiwanda cha Friedrich Deckel mjini Munich, vilitiwa katika kamera za Zeiss Ikon, Voigtländer, Rolleiflex na nyingine, kwa vipimo vichache vinavyojulikana. Hivyo kamera yenye lenzi iliyopasuka yaweza kuiponya nyingine. Hata hivyo nachukizwa na wale wanaofungua kamera nzima ili kuuza vipande vyake, maana hiyo haitatengenezwa tena.

Kamera za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970 zina sponji nyeusi mlangoni, ambayo sasa imegeuka kama lami. Ikwangue kwa kijiti, futa kwa spiriti, kisha laza uzi mweusi wa sufu katika mfereji. Kioo cha ndani usikiguse.

Linalowaponza wengi zaidi ni betri ya kipima nuru. Nyingi za kamera hizo zilitumia betri ya zebaki ya volti 1.35. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 1996, kwa kuwa zebaki ni sumu kwa maji na samaki. Betri ya kawaida ya volti 1.5 huingia mahali pale pale barabara, na ndiyo hatari yenyewe: sindano hudanganya, picha hutoka na giza, nawe hujui mpaka filamu isafishwe. Afadhali betri namba 675 ya vifaa vya kusikilizia, itoayo volti 1.4. Izungushie pete ya mpira, kwani ni ndogo kidogo, ila usizibe vitundu vyake vya hewa. Pentax Spotmatic ya mwaka 1964 haihitaji hadhari hiyo, maana nyaya zake zimepangwa hata tofauti ya volti haidhuru.

Olympus Trip 35, iliyotengenezwa tangu 1967 hata 1984, haina betri kabisa. Seleni inayoizunguka lenzi hugeuza nuru kuwa umeme. Ikifa, nyumbani haitengenezeki. Hutolewa katika Trip nyingine. Kwa hiyo kabla hujainunua, itoe juani, weka alama ya A, ubonyeze. Bendera nyekundu ikitokea katika kitazamio mchana kweupe, seleni imekufa, na muuzaji apunguze bei.