Hesabu ya Tabibu wa Macho

Katika mwaka wa 1750, mjini Leipzig katika nchi ya Wajerumani, tabibu mmoja wa Kiingereza, John Taylor, aliyezunguka miji ya Ulaya kwa gari lililochorwa macho na kujipamba kwa lakabu za kila namna, alimpasua macho mara mbili mtunzi mashuhuri wa muziki Johann Sebastian Bach, na kabla ya mwezi wa Agosti kuingia Bach alikwisha kupofuka na kufariki. Desturi ya Taylor ilikuwa kumfunga mgonjwa kitambaa na kumwamuru asikifungue kwa siku kadhaa. Na siku hizo zilipotimia, tabibu alikuwa amekwisha kupokea ujira wake na kuhamia mji mwingine.

Zama hizo hizo alikuwako Ufaransa tabibu Jacques Daviel, aliyeanzisha njia ya kuitoa lenzi yenye ukungu badala ya kuisukuma tu kando kwa sindano. Yeye mwaka wa 1752 aliandika taarifa ya macho 115 aliyoyapasua, akasema 100 yalifanikiwa. Kwa mizani ya leo hesabu hiyo ni mbaya mno, na ajaye nayo hospitalini angestahili kunyang'anywa kisu; lakini mimi ningalimkabidhi Daviel jicho langu, kwa kuwa yale 15 aliyokosa hakuyaficha.

Maradhi hayo ya ukungu wa lenzi, yaitwayo mtoto wa jicho, hayana dawa ya kunywa wala ya kutia matone. Tabibu hutoboa kifuko chembamba kinachoishika lenzi, akaitoa iliyoharibika na kupachika ya kutengenezwa, na hatari mojawapo anayoihofu ni kuraruka kwa ngozi ya nyuma ya kifuko hicho, maana hapo ute wa ndani huweza kuja mbele na jicho likapungukiwa nuru. Uingereza, Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Macho hukusanya habari za upasuaji huu na kutangaza mambo mawili: ni mara ngapi kifuko kiliraruka, na ni wagonjwa wangapi waliotoka na nuru pungufu kuliko waliyoingia nayo. Mwanzoni mwa karne hii kifuko kiliraruka karibu mara 2 katika kila 100. Siku hizi ni karibu 1. Shirika la Afya Duniani nalo liliweka kipimo, kwamba macho yasiyopungua 80 katika 100 yaone 6 kwa 18 au bora, yaani mgonjwa akisimama mita 6 aone kile ambacho jicho zima hukiona kutoka mita 18, na yasifike 5 yatakayobaki chini ya 6 kwa 60. Baadaye kipimo cha kuona vema kilikazwa kikawa 6 kwa 12.

Lakini hesabu nayo ina hila zake. Tabibu asemaye kwamba hajapata kuharibikiwa hata mara moja, nawe ukimwuliza akajibu kuwa amepasua macho 60, hajathibitisha lolote, kwa sababu kosa litokealo mara 1 katika 100 laweza kumpita hivi hivi kwa bahati. Na aliyepasua maelfu akadai vivyo hivyo, yamkini hahesabu. Kinyume chake, bingwa apelekewaye macho yaliyoshindikana kwingine, yenye mboni zisizotanuka na lenzi zilizokomaa zikawa ngumu, huonekana na dosari nyingi kuliko jirani yake achaguaye mepesi, na kwa hiyo Waingereza hulinganisha kwa kuzingatia ugumu wa kila jicho. Huku kwetu kuna hila nyingine, kubwa zaidi: mgonjwa atokaye mbali akishapasuliwa aghalabu harudi, wala hakuna ajuaye kama hakurudi kwa kuwa anaona vizuri au kwa kuwa amekata tamaa. Ndiyo sababu utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013, uliohusisha hospitali za Asia, Afrika na Amerika ya Kilatini, ulikuwa na faida kubwa, kwani ulionyesha kuwa kipimo kichukuliwacho kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda kwao chatosha kuipima kazi ya hospitali.

Najua wazee wengi huona haya kumhoji daktari, wakidhani ni kumvunjia heshima. Haya hiyo sioni mahali pake. Mtu aweza kusema kwa adabu, "Daktari, niwie radhi, katika wagonjwa wako mia wa mwisho wenye jicho kama langu, wangapi walisoma ubao vizuri, kifuko kiliraruka kwa wangapi, na ni nani aliyewapima?" Swali la mwisho ndilo lenye uzito, kwani kipimo kilichoandikwa na muuguzi asiyeshika kisu huaminika kuliko kumbukumbu ya aliyekishika. Asiye na daftari la hesabu hizo aulizwe kama hospitali yake inalo, na likitokea la kutokea usiku ni nani atakayeitwa. Na ikiwa mpasuaji ni mwanafunzi, jambo la kawaida katika hospitali zifundishazo, basi inayoombwa ni hesabu ya mwanafunzi huyo, na jina la mwalimu atakayekuwa kando yake tangu jicho lifunguliwe hadi lifungwe.