Macho ya Angani Yaliyovunja Rekodi

Kati ya setilaiti za hapa, kongwe kuliko zote ni Corona. Agosti 1960 setilaiti hiyo ya ujasusi ya Marekani iliachia chombo chenye filamu, na ndege ikakidaka kikiwa bado hewani juu ya Bahari ya Pasifiki. Safari hiyo moja ilipiga picha za eneo kubwa zaidi la Umoja wa Kisovieti kuliko safari zote za ndege za ujasusi za U-2 zilizotangulia. Mwaka 1995 siri ikafunguliwa: picha zaidi ya 860,000. Watafiti wa makazi wakaviona vijiji na mashamba ya kale kabla miji haijayameza.

Kwa ustahimilivu, hakuna wa kuifikia Landsat 5. Ilirushwa tarehe 1 Machi 1984 ikitarajiwa kudumu miaka 3, ikaitazama dunia kwa miaka 28 na miezi 10, na Guinness wakaiandikia rekodi. Landsat 6, iliyokuja kuipokea kijiti mwaka 1993, haikufika hata kwenye mzunguko wake, hivyo mkongwe akaendelea na zamu. Umri huo ni hazina kwa anayechunguza miji. Sensa ya 1988 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 1.36; ya 2002 ikakuta milioni 2.49, na setilaiti ni ileile. Sensa inakwambia wameongezeka wangapi. Picha inakwambia wamekwenda wapi: mabati yakiambaa na barabara za Morogoro, Bagamoyo na Kilwa. Kila nukta ya picha ni mita 30 kwa 30, kwa hiyo nyumba moja hupotea, lakini mtaa mpya haujifichi.

Hata hivyo, kwangu mimi hatua kubwa kuliko zote si mtambo, ni uamuzi wa 2008 wa kutoa picha za Landsat bure. Kabla ya hapo picha moja iliweza kugharimu dola 600, na mwanafunzi wa kwetu angezitoa wapi?

Kwa wingi wa hesabu, ipo Open Buildings ya Google, orodha ya majengo yaliyotambuliwa kwenye picha za setilaiti, kazi iliyoanzia Accra: toleo la 2023 lina majengo bilioni 1.8.

Ila paa si mtu. Kibera ya Nairobi ilisifika kwa miaka kuwa mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika, wengine wakiipa watu milioni nzima. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Mwaka huohuo vijana wa hapo waliingia vichochoroni na vifaa vya GPS, wakachora Map Kibera: vyoo, shule, zahanati, sehemu za maji. Kabla ya hapo, kwenye ramani pale palikuwa patupu. Hakuna setilaiti ambayo ingeweza kujua mlango upi ni wa zahanati, mwenyeji alijua.

Nawe utafute mtaa wenu kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Ukikuta njia haina jina, liandike.