Chombo Kinachoruka Mita Chache Juu ya Mawimbi

Katika miaka ya 1960, setilaiti za kijasusi za Marekani zilipiga picha ya dude la ajabu kando ya Bahari ya Kaspi: kiwiliwili cha ndege chenye urefu wa zaidi ya mita 90, na mabawa mafupi mno kwa ukubwa huo. Wamarekani wakaliita Zimwi la Kaspi. Aliyelibuni ni Rostislav Alexeyev, mhandisi wa Kisovieti, na mabawa aliyafupisha kwa makusudi.

Alexeyev alianzia majini. Mwaka 1957 boti yake, Raketa, ilianza safari kwenye mto Volga ikiwa na mabawa madogo chini ya maji. Ikishika kasi, mabawa hayo huinyanyua boti nzima, na maji huacha kuikwamisha. Lakini kasi ikizidi sana, shinikizo juu ya bawa hushuka mpaka maji yanachemka yakiwa baridi vilevile. Mapovu hutanda, bawa huishiwa nguvu, na mapovu yakipasuka huila metali. Ukitaka kwenda kasi zaidi, sharti uyatoe mabawa majini.

Zimwi lilifanya hivyo, ila halikupaa mbali. Bawa likipita karibu na maji, hewa hubanwa chini yake na kulisukuma juu. Pia ile mizunguko ya hewa kwenye ncha za bawa, inayoipotezea kila ndege mafuta, hukosa nafasi ya kutanuka. Mwari anayeteleza juu ya bahari bila kupiga bawa hufaidi hewa hiyohiyo. Ndivyo chombo kile kilivyobebwa pamoja na uzito wake wa tani 544.

Taabu ilikuwa kung'oka majini. Kulihitaji injini 10 za jeti, nane zikipuliza chini ya mabawa. Likisharuka, nyingi zilibaki mzigo. Kukata kona nako kulihitaji eneo kubwa, maana likilala upande, bawa hugusa maji. Mwaka 1980 lilianguka, likazama.

Sasa kampuni ya Regent ya Marekani inajaribu Viceroy, chombo cha umeme cha abiria 12. Kwanza huelea, kisha husimama juu ya mabawa ya majini kama Raketa, ndipo huruka kabla kasi haijafikia ile ya mapovu. Naona hapo ndipo penye akili kubwa, kwa sababu kile kilichozitaka injini nane sasa kinafanywa na bawa jembamba. Kwa safari fupi kati ya visiwa nakiamini. Kuvuka bahari kuu, hapana: betri hazitoshi, na mawimbi makubwa yangekilazimisha kupanda juu hadi kuikosa hewa inayokibeba.