Kipima antena: mtihani ni rezista mbili

Wiki hii tuzungumzie chombo ambacho wanaojitengenezea antena za redio za ridhaa huulizana kila wakutanapo. Ninunue kipima antena kipi?

Antena ya waya haina siri kubwa. Chukua 142.5, gawa kwa masafa ya megahezi, unapata urefu kwa mita. Kwa megahezi 7.1 ni mita 20 na ushei, ukate katikati, uunge kebo. Lakini hiyo ni hesabu ya kuanzia tu. Paa la mabati, nondo za ukutani, mwembe wa jirani, vyote huivuta antena kwenye masafa mengine. Ndiyo maana fundi hukata waya mrefu kidogo, akapima, akapunguza, akapima tena.

Kupima kwa kurusha mawimbi ya mtambo wenyewe ni kucheza na fedha. Antena isipolingana, sehemu ya nguvu hurudi: uwiano wa mawimbi, yaani SWR, ukiwa 2 kwa 1 hurudi asilimia 11 hivi, na ukiwa 3 kwa 1 ni robo nzima. Transista za kurushia huungua hivyo. Kipima antena hutumia nguvu ndogo mno ya betri, wala hakimsumbui mtu hewani.

Kwa miaka mingi kilichotamba ni MFJ-259B cha Marekani, sanduku lenye mishale miwili, kinachopima kuanzia megahezi 1.8 hadi 170. Kiwanda chake cha Starkville kilisimamisha utengenezaji mwaka 2024, kwa hiyo ukiuziwa leo kikague sana. Tena kina udhaifu unaowahusu wakazi wa mijini: karibu na kituo kikubwa cha utangazaji, mawimbi ya kituo huingia kupitia antena yako na mishale ikadanganya.

Kisha kuna NanoVNA, ubunifu wa Mjapani mmoja uliosambazwa na watengenezaji wa China tangu 2019. Kinaingia mfukoni, bei yake ni ya dola makumi tu, na kinachora mchoro mzima kiooni. Ila kinataka nidhamu. Kila ubadilishapo masafa ya kupima, ukisawazishe kwa vichwa vitatu: kilicho wazi, kilichofungwa na chenye omu 50. Asiyependa kazi hiyo, na fedha anazo, atazame RigExpert za Ukraine.

Hapa ndipo wengi huteleza. SWR peke yake si shahidi wa kutosha. Rezista ya omu 50 itakupa 1 kwa 1 safi kabisa, na haitamfikishia mtu yeyote salamu zako. Kebo iliyoingia maji nayo humeza nguvu njiani, mchoro ukapendeza, ukasifu antena mbovu. Chagua chombo kinachotenganisha ukinzani halisi na ule unaotokana na urefu wa waya, tena kionyeshe alama ya kujumlisha au kutoa. Ukipima pale pale kebo inapoungwa kwenye antena, kutoa maana yake waya ni mfupi, kujumlisha ni mrefu. MFJ-259B haionyeshi alama hiyo. Ni wewe wa kubahatisha.

Nenda dukani na rezista mbili ndogo, ya omu 25 na ya omu 100, miguu yake umeikata mifupi. Zote mbili zitaonyesha SWR ya 2. Muuzaji akuonyeshe ipi ni ipi kiooni. Kikishindwa, rudisha fedha zako mfukoni.

Ukifika nyumbani, kabla hujaunga kebo ya antena iliyokwisha simama juu, gusanisha waya wa kati na wavu wake. Upepo mkavu na mawingu ya mvua hujaza umeme kwenye waya mrefu, na cheche moja tu huua chombo kabla hakijapima hata mara moja. Radi ikinguruma, usipime kabisa.