Shahada ya Sheria Kutoka India: Tuulize Mapema

Miongoni mwa vijana wetu wanaotamani uwakili, wapo wanaoelekeza macho India. Hilo si ajabu. Sheria za nchi hiyo na zetu zilinyonya ziwa moja: Sheria ya Ushahidi ya Kenya iliigwa kutokana na ile ya India ya mwaka 1872. Isitoshe, vyuo vyake mashuhuri hufundisha kwa Kiingereza.

Linalotia shaka ni namna chuo kinavyochaguliwa. Aghalabu swali la kwanza huwa karo, la pili huwa mji. Swali lililo kuu huulizwa kijana akisharejea na shahada mkononi: je, itakubaliwa?

Elimu ya sheria nchini India husimamiwa na Baraza la Mawakili la nchi hiyo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1961. Chuo kisichoidhinishwa na baraza hilo kisifikiriwe hata kidogo, majengo yake yapendeze yatakavyopendeza.

Baada ya hapo, mwombaji ajue kwamba njia ni mbili. Aliyemaliza shule ya sekondari husoma miaka 5 na kuunganisha sheria na fani nyingine. Mwenye shahada ya kwanza husoma miaka 3. Njia ya miaka 5 ilipata sifa kupitia chuo cha National Law School of India University mjini Bangalore, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1988. Vyuo vya kitaifa vya aina hiyo sasa vimepita 20.

Vingi kati ya hivyo huwachuja waombaji kwa mtihani wa pamoja uitwao CLAT, ulioanza mwaka 2008. Una maswali 120 ya saa 2, na kila jibu lenye kosa humpunguzia mtahiniwa robo ya alama. Mtihani huo haupimi sheria zilizokaririwa, bali usomaji makini na uwezo wa kupima hoja. Hapo ndipo mwalimu wa lugha anapoweza kumfaa mwanafunzi kuliko wakala yeyote wa vyuo. Hata hivyo, baadhi ya vyuo huwatengea raia wa kigeni nafasi zenye utaratibu na karo tofauti. Mwombaji akiandikie chuo chenyewe, apate jibu kwa maandishi.

Tusisahau kwamba undugu wa sheria una mipaka. Tangu tarehe 1 Julai 2024, India imeziweka kando sheria zake za kikoloni za jinai na ushahidi na kutumia mpya. Wala sheria ya ardhi ya Maharashtra haimfunzi mtu Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012. Anayenuia kuwa wakili hapa kwetu itambidi shahada yake itambuliwe na Baraza la Elimu ya Sheria, kisha aingie Kenya School of Law, ambayo masharti yake ya kujiunga yamewahi kuzua kesi mahakamani.

Basi walimu, wafundisheni wanafunzi kuanzia mwisho: kwanza Nairobi, halafu Bangalore. Mwanafunzi aliulize Baraza letu kabla mzazi hajauza ng'ombe. Mwenda tezi na omo hurejea ngamani. Ni heri aijue ngama yake kabla ya kung'oa nanga.